Shaba Isiyo na Mchukuzi

Bi Mwanahawa anasinzia kwenye benchi la maabara, mchana kweupe, mjukuu wake Sikujua amemlalia mapajani na pamba ya sindano mkononi, na kabla kope hazijakutana vizuri benchi limegeuka kizingiti naye amekwisha kuvuka. Barabara ni nyekundu, haina mwisho, inakwenda na kurudi ilikotoka, na juu yake wanapita wachukuzi wasio na nyuso, kila mmoja na vipande vya shaba kichwani, vimefungwa sawasawa visidondoke. Ndio protini wale aliowataja Bwana Kihiyo, mpimaji, alipoeleza asubuhi kwamba katika damu ya mtoto huyu anayetetemeka mikono watapima shaba iliyobebwa na ile inayozurura. Kuta za mji ni vioo. Kila upande anamwona Sikujua, kikombe kinamtikisika, uji unamwagika. Kiongozi asiye na uso anamshika kiwiko. Bibi anamuuliza, mwanangu, tunakwenda wapi? Uendako ndiko ulikotoka, anajibu kiongozi. Huyu naye, anawaza, kama karani wa dirisha la kadi.

Penye mizani wachukuzi wanatengwa kwanza, kisha mizigo inatiwa motoni, na ulimi wa moto unakuwa kijani, kijani kinazidi, kinazidi. Pembeni lipo rundo lisilo na mchukuzi, linanuka limau na jivu. Kiongozi anauliza, mgeni gani huingia kwenye damu bila kuzaliwa nayo wala kuliwa? Bi Mwanahawa anaijua harufu ile. Ni ya leso yake, aliyosugulia alfajiri, kwa limau na jivu, bangili ya shaba ya Sikujua, ile ya kutuliza mikono. Na ndiyo leso aliyomkaushia spiriti kabla ya sindano, mpimaji akiwa amegeuka. Akinyamaza, mtoto atatibiwa kwa sababu ya shaba ya leso, si ya damu yake. Akisema, atachomwa tena, na sindano ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka.

Ni mzigo wangu, anasema.

Sauti yake inamwamsha. Bwana Kihiyo yuko mlangoni, anauliza mzigo gani, bibi. Anamweleza yote, leso mkononi. Mpimaji anatikisa kichwa, anakwenda kuchukua chupa mpya.

Bibi, tena? anauliza Sikujua.

Tena, mke mwenzangu. Ile ilikuwa damu yako na shaba yangu.

Sikujua anavua bangili, ananyoosha mkono unaotetemeka. Mpimaji anainama, mwanga wa dirisha uko nyuma yake, uso hauonekani. Bi Mwanahawa anaukamata ule mkono, wala hana hakika kama amekwisha kuvuka kurudi.