Kazi ya Kununa

"Umetabasamu."

"Sijatabasamu."

"Umetabasamu, kamera imekunasa! Mdomo umepanda upande wa kushoto. Nikurudishie uone?"

"Kulikuwa na kitu kwenye jino, bosi."

"Kijana, usinifanye mtoto. Yule baba alikuwa ameshaanza kutetemeka vizuri kabisa. We ukamchekea, akatulia. Mtu mzima ameharibika hivi hivi!"

Kutetemeka vizuri. Hivyo ndivyo alivyosema, huku anatafuna biskuti, makombo yakimdondokea tumboni. Nikatazama ukutani nisije nikamtapikia viatu.

Huyo ndiye bosi wangu. Tunamwita Daktari, ingawa maishani hajawahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ni wa vitabu. Amesomea hofu: inatoka wapi, inapandaje, inakaa muda gani mwilini. Alinikuta kwenye kazi yangu ya zamani ya kuosha magari, nikibishana na mteja, akasimama pembeni akanitazama mpaka tukamaliza. Akaniambia nina sura nzuri sana. Nikadhani ananisifu. Kumbe alimaanisha sura yangu haionyeshi kitu, na alikuwa anatafuta ya aina hiyo.

"Na nimeshakwambia, sitaki ununue ugomvi na mtu," akaendelea. "Usinune. Usicheke. Usiwe na sura yoyote. Mwangalie mwenzako Barafu."

Barafu alikuwa kwenye kiti chake anakata kucha. Mwanamke wa makamo, mpole ajabu ukikutana naye kwenye ngazi, atakuuliza mpaka habari za kikohozi chako. Lakini akivaa koti letu jeupe la kazi, hata ungejiwasha moto mbele yake angekuuliza umebakiza muda gani.

"Mwache, bosi," akasema Barafu. "Kijana bado ana damu. Itapoa."

"Ipoe leo. Wageni wanaotupa pesa za utafiti wanakuja kesho na idadi ya watu haijatimia. Nikikosa mmoja tena leo, mtanieleza nyie."

Kazi yenyewe iko hivi. Chumba kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo kutwa nzima unavuta harufu ya tinari ya kuyeyushia rangi. Kuna meza, viti vyetu viwili, alama sakafuni ya mtu kusimama, kamera, maikrofoni, kipaza sauti cha Daktari, na kioo kikubwa ambacho upande wetu unajiona mwenyewe, upande wa pili Daktari anatuona sisi. Kabla mtu hajaingia anapewa kipande cha pamba, anakitafuna mpaka kilowe, anakitemea kwenye kichupa. Wanasema mate ya mtu mwenye hofu yana kitu ndani yake, mashine inakiona. Halafu anavalishwa nyaya vidoleni za kupima jasho, anaingia kwetu, mlango unafungwa, anaambiwa ajieleze kama anayeomba kazi. Anajieleza, sisi tunamtazama tu. Akiishiwa maneno, Barafu anasema: "Muda wako bado. Endelea." Akimaliza hapo anahesabu kwa kurudi nyuma, akitoa kumi na saba kila mara. Akikosea, mimi ndiye ninayesema: "Kosa. Anza tena." Mimi niliyekimbia shule nikiwa darasa la sita! Majibu yamebandikwa mezani upande wangu.

Wengine wanalia. Mmoja alijikojolea, nikapiga deki mimi. Ikiisha wanatafuna pamba nyingine, wanaambiwa yote yalikuwa igizo, wanapewa soda. Wanakunywa huku wanacheka, cheko la mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na wengine eti wanatushukuru. Mimi nabeba vichupa kupeleka kwenye friji. Friji ile ile Daktari anaweka maziwa yake ya chai.

Nyumbani nilisema nasafisha maabara. Hatukuruhusiwa kusema zaidi, maana mtu akijua mchezo hatetemeki. Na dada yangu hakuniuliza. Siku hizi haulizi kitu.

Dada ndiye aliyenilea. Alikuwa na mdomo, jamani! Kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa msimamizi, wanaume wazima walikuwa wanapunguza mwendo wakipita mbele yake. Halafu mtungi wa gesi ukalipuka. Yeye alitoka na kovu dogo shingoni, rafiki yake hakutoka. Tangu hapo mlango ukibamizwa nyumbani, dada yuko chini ya meza. Halali taa ikiwa imezimwa. Hakai kwenye chumba kilichofungwa, hata msalani anaacha mlango wazi na mimi nakaa uani nimegeuka, nazuia watu wasipite. Mama mdogo anasema ajikaze, mbona wenzake wamesharudi kazini. Nikimsikia anasema hivyo natoka nje.

Basi mchana ule, Barafu na mimi tumeshakaa, mlango ukafunguka, akaingia dada.

Amevaa lile gauni lake la kwenda kwenye mambo ya maana. Nyaya vidoleni. Alinitazama mimi, akatazama koti, uso wake wote ukafunguka.

"Mdogo wangu! Kumbe ndio hapa? Mbona hukuniambia?" Akamgeukia Barafu. "Huyu ni mdogo wangu, daktari. Nimeona tangazo lenu pale zahanati, mtu mwenye wasiwasi aje. Nilikuwa naogopa hata kupanda ngazi. Loo, sasa nina amani."

Nikainuka. Kuna sheria: ukimjua mtu unatoka, anawekwa mwingine. Nikageukia kile kioo nikasema, "Bosi, huyu ni dada yangu."

Kipaza sauti kikakwaruza. "Kaa."

"Nimesema ni dada yangu."

"Nimesikia. Hakuna mwingine wa kukaa hapo. Kaa, tumalizie. Ni mambo ya muda mfupi tu."

Barafu akanikanyaga mguu chini ya meza. "Kaa, kijana," akanong'ona bila kusogeza midomo. "Ataachiwa sasa hivi. Ukimharibia bosi leo, kesho hatuna kazi wote."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Miguu ilikaa.

"Mlango tafadhali uachwe wazi," dada akasema. "Mimi siwezi, mwenyewe anajua, muulizeni."

Mlango ukavutwa kwa nje, ukafunga. Dada akashtuka, mabega yakamfika masikioni. Barafu akasema, "Simama kwenye alama. Jieleze. Anza."

Hakujieleza kama mtu anayeomba kazi. Pengine aliambiwa hivyo kule nje na hakusikia, au alisikia akaona ni upuuzi mbele ya madaktari. Alituambia ugonjwa wake. Akaanza na ile harufu ya gesi asubuhi, jinsi alivyomwambia rafiki yake aende akaangalie yeye, maana yeye dada alikuwa ameshika chai. Hilo hajawahi kulisema. Kwa mama mdogo, kwangu, kwa yeyote. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, nikalisikia siku hiyo, nikiwa nimevaa koti la uongo.

"Nilimtuma mimi," akasema. Ananitazama mimi. "Mimi ndiye niliyemtuma, mdogo wangu."

Na sura yangu haikusogea! Nilijiona kwenye kioo. Nilikuwa kama bakuli tupu. Kazi ilikuwa imeshaniingia mpaka kwenye ngozi, nataka kuivunja sura na haivunjiki. Nikajichukia mpaka mate yakawa machungu.

Akasubiri tuseme kitu. Mtu akishasema jambo kama lile anasubiri chochote, hata mbwa aje tu kumnusa miguu.

"Muda wako bado," akasema Barafu. "Endelea."

"Niendelee nini tena, mama? Nimemaliza."

"Muda wako bado. Endelea."

Dada akaanza kutetemeka. Kidogo kidevuni, halafu mikono, nyaya zikawa zinagongana. Kule nyuma ya kioo nikasikia kiti kikiburutwa, mtu anasogea karibu aone vizuri. Na kipaza sauti, alisahau kukizima, kikatoa sauti ya Daktari anamwambia msaidizi wake: "Ona, ona inavyopanda. Huyu ni safi sana."

Dada hakuelewa. Alidhani anasifiwa. Akajaribu kusimama wima zaidi.

"Sasa hesabu kwa kurudi nyuma," Barafu akasema, akampa namba ya kuanzia. "Unatoa kumi na saba. Haraka."

Dada akatoa ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Alikuwa mtu wa hesabu, magunia ya unga ya kiwanda kizima alikuwa anayajua kichwani. Ya tatu akakosea.

Ilikuwa zamu yangu.

"Kosa," nikasema. "Anza tena."

Naapa sikuamua kusema. Lilitoka lenyewe kama mbweu. Dada akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto aliyembeba mgongoni.

"Unasemaje?"

Barafu akanikanyaga tena, na hapo ndipo kitu kikakatika. Nikasukuma meza, maikrofoni ikaanguka, nikaenda nikafungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Vibaya, maana kwa ule mlio dada akaenda chini, akakunjamana pembeni mwa meza na mikono kichwani. Nikapiga magoti kumtoa zile nyaya.

Daktari akaingia mbio. Nilidhani atasema pole. Alikuwa ameshika kichupa.

"Usimtoe! Subiri kwanza, mate! Ateme kwanza, ndio yako juu kabisa sasa hivi!"

"Wewe bwana una akili?"

"Sehemu ya kwanza umeshaiharibu, usiharibu na hii! Dada, samahani, tafuna hii kidogo tu."

Akamsogezea pamba. Na dada, pale pale chini, machozi na makamasi yamechanganyika, akapokea. Akaiweka mdomoni, akatafuna kwa bidii, kama mtoto anayetaka kusifiwa.

"Hii ndiyo dawa?" akaniuliza. "Na ile ya mwanzo nimeitafuna yote. Nimehisi kama inashika."

Barafu akainamia meza. Mara ya kwanza namwona ana sura.

"Si dawa, dada," nikasema. "Ni pamba. Wanataka mate yako tu. Hawa si madaktari wa kutibu. Hakuna dawa hapa."

"Na koti?"

"La kuvaa tu. Ili uogope."

Daktari akaanza, "Mshiriki kwa kawaida anaelezwa kwa utaratibu, na kuna soda," nikamwambia afunge mdomo wake au kichupa kitaingia pasipostahili. Akarudi nyuma hatua. Hata hapo alikuwa bado amekishika.

Dada akatoa pamba mdomoni. Akaitazama, akaiweka sakafuni taratibu. Akainuka mwenyewe kwa kushika ukuta, mkono wangu hakuutaka. Nikamfuata mpaka juu ya ngazi.

"Dada, twende nyumbani. Naacha hii kazi leo. Twende tukatafute daktari wa kweli, nitauliza, lazima yupo."

"Ulijua wanafanya nini humu?"

"Nilijua."

"Na ulinisikia nilichokisema?"

"Nilisikia, dada. Si kosa lako. Gesi haikuwa..."

"Nyamaza," akasema. Sauti ile ya zamani, ya kiwandani, sikuwa nimeisikia tangu ule mlipuko. "Nilipokuwa nakisema ulikuwa unanitazama. Nikasema moyoni, ngoja, huyu ni wangu, sasa hivi atainuka. Nikakusubiri. Ningekusubiri mpaka lini?"

Nilikuwa nahangaika na vifungo vya koti, kimoja kimegoma, nakivuta kama mwendawazimu.

"Dada, subiri nivue hili."

Hakusubiri. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akanigeuzia mgongo, akashuka ngazi.