Swali la Orville kwa Mtunza Taa

Mimi ni mkutubi wa Larch Harbor, kando ya Ziwa Superior, na Verna Lindahl nilimwalika mara saba. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyezunguka maktaba za huku kwetu akiwa na gauni jeusi na kofia ya kufunga kidevuni, akimwigiza Temperance Rudd, yule mtunza mnara wa taa ambaye mwaka 1893 alipiga makasia peke yake katika dhoruba akaokoa mabaharia kumi na mmoja wa meli iliyogonga mwamba. Hapa kila mtoto wa shule anamjua.

Utaratibu wake haukubadilika. Anasema kama Temperance, watu wanamuuliza Temperance maswali, mwisho anavua kofia na kujibu kama Verna.

Jumamosi moja ya Oktoba walikuja watu kama thelathini. Maswali yalipofika, akasimama mzee Orville Tveit. Baba wa babu yake, Nils, ndiye aliyekuwa ameshika usukani wa meli ile, naye alizama. Tangu enzi hizo mji mzima unasema alikuwa amelewa.

"Bibi Rudd," akasema, "ni kweli Nils alikuwa amelewa?"

"Kaa chini bwana Orville!" akadakia Duane, muuza chambo. "Ukoo wenu na chupa, nani hajui?"

Wachache wakacheka. Verna hakucheka. Kwa kawaida swali zito alilikwepa kwa mzaha. Safari hii alimkazia macho Orville, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Sikuwahi kuisikia.

"Hakuwa amelewa. Taa ilizimika. Nilikuwa na homa, siku ya tatu ile. Nikasema nikae kidogo tu, usingizi ukanipitia. Kuamka, mnara giza, na wao wameshagonga mwamba. Nils nilimfikia. Alikuwa ameng'ang'ania ubao. Akaniuliza, 'Mama, mbona hukuwasha?'"

Akainamia mbele, kuelekea kwa Orville.

"Mashua ilikuwa bado na nafasi, nami nikamwacha."

Orville aliketi polepole, mkono mdomoni. Nikaona heri tufunge. Nikasema, "Haya, tumshukuru Bibi Rudd, sasa tuzungumze na Verna."

Akafungua kamba, akaivua kofia, akaiweka mapajani. Nywele zake fupi nyeupe zikaonekana. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Verna ndiye nani?" akauliza, kwa sauti ileile.

Mwanamke wa mbele akarudisha kiti nyuma. Nikamwendea, nikamshika bega. Gauni lilikuwa na unyevu, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Verna, rafiki yangu, imetosha."

Akapepesa macho. "Wameshakaa wote, Bernice?" akaninong'oneza kwa sauti yake mwenyewe. "Nianze?"

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Alikuwa ameanza saa nane na nusu.

Nilimpeleka jikoni, nikampa kahawa, nikamweleza yote. "Homa?" akasema. "Sijaisoma popote hiyo." Tukatoa nakala ya daftari la mnara. Usiku ule Temperance aliandika kwa mkono wake: *Taa iliwaka hadi alfajiri.* Hatukuwa na ushahidi wowote.

Orville hakuuhitaji. Majira ya kuchipua alimsimamishia Nils jiwe makaburini, mahali ambapo ukoo ulikuwa umeona aibu kuweka chochote. Duane alikuja bila kuitwa, akasaidia kulibeba, na siku hiyo hakutania.

Verna hakuigiza tena. Nilipomuuliza kama anaogopa kusahau tena saa nzima kama siku ile, alitikisa kichwa.

"Si hilo, Bernice. Pale nilipozinduka nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Na mzigo wenyewe haukuwa wangu."