Boti ya Watu Wawili

Nilikuja Mpanda kumchukua mwanangu Yustina nimrudishe nyumbani Kibaoni. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu pale mtaa wa Majengo anakoishi wanasema nilikuja kutembea. Mpunga wangu ulikuwa umeanza kuiva, na mimi situmii nauli kwenda kutembea wakati ndege wako shambani.

Yustina mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Alisema amechoka kuishi na ukuta. Ukuta wenyewe ni mume wake, Cletus, fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka jana wakati wa mvua walimzika mtoto wao wa pili, Innocent, hajafikisha hata miezi mitatu. Nilikuwepo msibani. Asubuhi baada ya maziko, watu bado tumekaa kwenye mikeka, Cletus alichukua funguo akaenda karakana kwake, akarudi jioni. Tangu siku ile hakumtaja mtoto, na mtu mwingine akimtaja yeye huinuka akatoka nje. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa. Nusu ya mageti ya Majengo yametoka mikononi mwake, yana maua, yana nyota, na kaburi la mwanawe halina hata kipande cha nondo. Hilo ndilo lililommaliza Yustina. Nikamwambia afungashe, Jumatatu tunapanda basi.

Kumweleza mkwe wangu sikuweza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kama kuna neno la lazima linapita kwa mtu mwingine. Wiki nzima maneno yalipita kwa mjukuu wangu Jeniffer, wa darasa la kwanza. Mwambie bibi maji ya kuoga tayari. Mwambie baba yako asante. Nyumba yao ni ndogo. Nikisikia anakohoa mlangoni, mimi natokea mlango wa nyuma. Yeye naye akisikia kikohozi changu anafanya hivyo hivyo, kwa hiyo mara mbili tulikutana uani, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Jumapili baada ya misa Jeni aliniletea ujumbe kwamba baba yake anatupeleka sote kwenye bustani mpya ya mapumziko. Yustina akasema ndiyo namna yake ya kubembeleza, hawezi kusema, ananunua tiketi. Alisema hivyo huku akikunja nguo zake kwenye begi. Tulikwenda kwa sababu ya mtoto.

Bustani ni nzuri, sitaki kudanganya. Kuna bembea, kuna puto kubwa la kurukia watoto, kuna chipsi, kuna muziki wa kuumiza kichwa, na kuna majani mazuri ambayo hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuyala. Na kuna mabwawa mawili. Lile kubwa nililitazama kwa muda mrefu. Maji yote yale, na hayana hata mche mmoja wa mpunga. Nikamuuliza kijana wa boti, anaitwa Celestin, kama mle hakuna viboko. Akacheka, akasema humu ni bata tu, bibi. Anaweza kucheka, yeye hajawahi kulima karibu na mto.

Boti zenyewe ni za plastiki, zina viti viwili mbele, kimoja nyuma cha mtoto, na pedeli za kukanyaga kama baiskeli. Usukani ni fimbo fupi katikati ya viti. Mpango ulikuwa mimi na Yustina tukanyage, Jeni akae nyuma, Cletus abaki ukingoni na viatu vyetu. Nikavaa boya, nikaingia, nikakaa. Hapo hapo Jeni akasema amebanwa, Yustina akamkimbiza chooni. Boti ikaanza kuyumba. Cletus akatia mguu mmoja aishikilie, haikutulia, akatia na wa pili. Celestin, aliyekuwa na simu yake, akainua macho, akaona watu wazima wawili ndani ya boti, akamtupia Cletus boya, akatusukuma.

"Sogeeni katikati, boti inalala," alipiga kelele. "Mzee, mkeo haumi."

Watu wa kwenye chipsi walicheka mpaka wengine wakasimama. Kama mle kungekuwa na kiboko, ningemwomba aje.

Nilijifunika khanga usoni nikageukia upande wangu. Yeye akageukia upande wake. Kila mmoja alijibana ukingoni kabisa, mwenzake asije akamgusa hata kwa bega. Cletus akaanza kukanyaga peke yake ili atufikishe nchi kavu, lakini usukani ulikuwa umepinda kushoto, na hakuna aliyethubutu kuunyoosha, maana mkono wa mwenzake ungeweza kuwa hapo. Kwa hiyo tulizunguka. Tuliona chipsi, tukaona bembea, tukaona chipsi tena. Celestin alipuliza filimbi mpaka akachoka.

Baadaye bata mmoja alikuja akaogelea kando yetu. Nikaona nafasi ndiyo hii. Mkwe wangu sikumsemesha. Nilimsemesha bata.

"Bata," nikasema, "mwambie baba Jeni kwamba kesho naondoka na mwanangu."

Miguu ya Cletus ikasimama kwenye pedeli. Akakohoa.

"Bata, mwambie mama najua. Begi nimeliona."

Nikamtuma bata amuulize kama ana neno lolote la kusema, maana Yustina amelingoja mwaka mzima. Nilidhani hapo mambo yameisha. Cletus akamwambia bata kwamba siku ile ya baada ya maziko hakwenda kufanya kazi ya mtu. Bata alikuwa anasikiliza vizuri, nilikuwa sina lawama naye. Nikamtuma aulize, alikwenda kufanya nini basi.

"Mwambie nilikwenda kumchomelea," akasema Cletus, na hapo mtoto fulani ukingoni akatupa kipande cha chapati majini, bata akageuka akaenda zake.

Nilichungulia kwenye pindo la khanga. Cletus alikuwa anamtazama yule bata anavyokwenda, mdomo wazi, mpaka bata alipofika kwenye chapati yake. Majini tulibaki wawili. Nilijua atanyamaza, na nisingemlaumu, kwa sababu hata mimi ningenyamaza.

"Msalaba," akasema. "Nilikwenda kumchomelea Innocent msalaba, mama."

Aliniambia mimi. Alikuwa anatazama magoti yake, lakini aliniambia mimi, na akaendelea kabla woga haujamrudia. Chuma alikikata asubuhi ile ile, akakiunga, kikatoka vizuri. Taabu ilikuwa jina. Herufi zote alizikata, akaanza kuziunga moja moja, akafika katikati, mkono ukakataa. Tangu hapo, karibu kila wiki anautoa ule msalaba chini ya mabati, anawasha mashine, anakaa, anaizima, anaurudisha. Angemwambia nini Yustina? Kwamba fundi mzima ameshindwa kuandika jina la mtoto wake?

"Nikilimaliza, ndiyo basi," akasema. "Atakuwa amekufa kweli."

Mimi nimezika watoto wawili. Najua hayo maneno yanatoka wapi. Niliona haya, siyo haya ya ukwe, hiyo nilikuwa nayo tayari. Mwaka mzima nilikuwa namwita jiwe, nyumbani na kisimani, mbele ya yeyote aliyetaka kusikia. Nikaweka miguu yangu kwenye pedeli. Nikashika usukani, nikaunyoosha.

"Mimi nimesikia," nikamwambia. "Kamwambie mama yake."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mkwe wangu tangu amwoe Yustina. Tulikanyaga pamoja hadi ukingoni.

Yustina alikuwa amesimama pale na Jeni, kiganja mdomoni, sijui ni kwa hofu au kwa kicheko. Cletus alishuka na boya lake kifuani akamwambia pale pale, kwa sauti ile ile, bila kuruka kitu. Mimi niligeukia bembea. Yustina akaondoa kiganja mdomoni.

"Mwaka mzima," akasema, "nilidhani nimefiwa peke yangu."

Kisha akalia, na Cletus akalia, na Celestin akaomba arudishiwe maboya.

Tulikwenda karakana moja kwa moja, wao mbele, mimi na Jeni nyuma, upande wa pili wa barabara. Cletus aliinua mabati akautoa. Ni msalaba mzuri, wa chuma kizito, umeandikwa INNO, halafu hakuna kitu. Yustina alipitisha kidole kwenye zile herufi. Alikwenda akachukua koleo la kushikia chuma mwenyewe, akaishikilia herufi inayofuata, akageuza uso pembeni, akamwambia washa. Ilikuwa Jumapili, na kwetu Jumapili hakufanywi kazi. Niliwaacha wafanye. Na habari ya basi la Jumatatu sikumuuliza tena. Nilijua nitapanda peke yangu.

Nilikaa nje na Jeni, migongo yetu kwenye mwanga wa mashine. Nililia na sikujificha. Mashine ilipozimwa, Jeni alichungulia ndani akasoma jina lote, polepole, kama wanavyofundishwa shuleni. Akarudi kwangu akaninong'oneza.

"Bibi, kwa hiyo sasa hivi tunaruhusiwa kumtaja?"

Nikamwambia akamuulize baba yake. Akaenda. Cletus akavua miwani ya kuchomelea, akachuchumaa, akamwambia amtaje. Jeni akamtaja kwa sauti kubwa mpaka mwenye duka la jirani akatoka nje kutazama.