Wageni Niliowaelekeza kwa Klaudia

“Maharage hayajui Simba wala Yanga, Mama Anna! Maharage ni maharage!”

Klaudia alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, bado kavaa gauni la kanisani, ameinua shina la haragwe lililovunjika utadhani kaokota ushahidi wa mauaji. Mimi nilikuwa upande wangu na mwiko mkononi. Katikati yetu ilikuwepo milamula, ile miti tunayopanda kuonyesha kwamba kibanja changu kinaishia hapa na chako kinaanzia pale. Siku hiyo nusu yake ilikuwa imelala chini, kwa sababu jana yake jioni watu waliokuja kutazama mpira kwangu walitoka mbio kushangilia, na giza la migombani halikuwaambia wamefika kwa nani.

“Watu walifurahi tu,” nikasema. “Goli la dakika za mwisho, ulitaka wakae kama wako msibani?”

“Wafurahie kwako!”

“Kwangu hapatoshi.”

“Basi usiwaite! Nani alikutuma ufungue stendi ya mabasi barazani?”

Hapo alinigusa. Nyumba yangu ya Kibeta haijawahi kukaa kimya tangu nihamie, na hilo nalionea fahari. Nina televisheni kubwa, nina sufuria kubwa, nina mabenchi niliyochongesha Buhembe kwa ajili ya mpira tu. Watu wanakuja na habari zao: nani kaachwa, nani anagombea udiwani wakati hata ukatibu wa kikundi cha kuzikana ulimshinda, nani kaonekana ufukweni na mtu ambaye si wake. Bila watu mimi naumwa. Klaudia yeye ni mtu wa kufunga mlango, kusali na kupalilia.

Ningesema samahani, nitakulipia mbegu, yangekwisha. Badala yake nikasema, tena kwa sauti ya kufika barabarani:

“Ndiyo maana hata Privatus wako amebaki hukohuko Mwanza! Krismasi inapita, Pasaka inapita, haji! Anaogopa huo mdomo!”

Klaudia akashusha mkono. Lile shina la haragwe likaanguka. Akanigeuzia mgongo na kuanza kuinua milamula mmojammoja, anaikandamizia udongo kwa kisigino.

Na ni wakati huohuo nilipoona barabarani pamesimama watu wawili. Mzee amevaa koti zito na kofia, ana fimbo, na mama mmoja wa makamo, kitenge kimepigwa pasi mpaka kinang’aa. Wamesimama kama watu waliokuwa wamesimama muda.

“Hodi wenye mji,” mzee akasema.

Sasa, ilikuwa miezi ya kampeni. Miezi hiyo mtu yeyote mwenye shati safi anayebisha hodi Jumapili mchana anataka kitu kwako. Asubuhi tu walikuwa wamepita wengine, wananishika mkono na kuuliza jina la mama yangu mzazi kama vile wamemkumbuka usingizini. Na mimi damu ilikuwa bado inachemka.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “kura yangu ni siri. Na kabla hujaanza, hiyo barabara uliyopita umeiona? Mvua ikinyesha tunavuka na viatu kichwani. Miaka mitano hatuwaoni, leo mmeikumbuka Kibeta!”

Mama wa kitenge akamtazama mzee. Mzee akatazama fimbo yake.

“Sisi tuna maswali kidogo tu, waitu,” akasema taratibu, kwa lile neno letu la heshima.

“Maswali muulizeni huyo hapo,” nikanyoosha mwiko kwa Klaudia. “Huyo Jumapili nzima hana mgeni. Atawasikiliza mpaka jua lizame.”

Wakashukuru. Wakashuka kuelekea kwa Klaudia. Sikuwakaribisha kukaa, sikuwapa hata maji. Mimi, Edvina, ambaye wauza mitumba wanakula kwangu!

Nimerudi jikoni, sijafunika hata sufuria, simu ikaita. Binti yangu Annastella, yuko Muleba mjini, anafundisha watoto wa chekechea.

“Mama, uko peke yako?”

“Niko na moshi. Kuna nini?”

“Nisikilize bila kupiga kelele. Alexander kanidokeza. Kwao Kimwani wametuma watu waje kuulizia ukoo wetu. Leo. Hawatajitambulisha, wataongea na majirani. Baba yake mkubwa, mzee Byarugaba, na shangazi yake.”

Nikaketi juu ya gunia la mkaa.

“Huyo mzee,” nikasema, “anavaaje?”

“Anapenda koti. Hata jua liwe kali vipi. Kwa nini?”

“Hakuna.”

“Mama?”

“Nimesema hakuna! Moshi umenipalia.”

Mtu wa huku sihitaji kumweleza. Kabla ya posa, kabla ya mshenga, upande wa mwanamume hutuma watu waje kupekua: hawa ni watu wa namna gani, wana wizi, wana uchawi, wana magonjwa ya kurithi, mama mtu yukoje? Hawaulizi kwenye nyumba yenyewe, kwa kuwa hakuna anayejisema vibaya. Wanauliza jirani. Na jirani wa kwanza, yule mnayepakana naye, neno lake ndilo zito. Nawe ukishajua kwamba wapo, huruhusiwi kuwasogelea. Ukijipeleka kwa tabasamu, wanaondoka wanasema: hawa walituandalia mchezo.

Annastella amefikisha thelathini. Mchumba wake wa kwanza aliishia kwenye simu: miezi na miezi ya “mambo” na “umekula?”, vijana wa siku hizi wanachumbiana kwa vidole, kisha akamfungia asimpate tena, bila hata sababu. Binti yangu alilia kwa kujificha akidhani sisikii. Alexander ndiye wa kwanza aliyesema neno “nyumbani”. Na mimi nimechukua baba yake mkubwa kwa mkono wangu, nimempeleka kwa mwanamke niliyetoka kumtukania mtoto.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikaenda dirishani. Kupitia migombani niliona Klaudia amewatolea vigoda nje, amewaletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyotakiwa. Amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka. Anaongea. Mawe, mama yangu wee! Yule mwanamke wa maneno machache, leo anaongea mpaka na mikono.

Ildefons akaingia bila hodi. Ni dereva wa bodaboda, hula kwangu mara nyingi kuliko kwake, na anakuja na mpira mdomoni.

“Mama Anna, refa wa jana ulimwonaje? Ile si penalti hata kwa bibi yangu!”

“Ildefons, nyamaza.”

“Halafu umesikia mgombea wetu anaahidi uwanja wa mpira? Choo cha soko kimemshinda, ataweza uwanja?”

“Nimesema nyamaza! Nenda kwa Mama Privatus. Kaazime panga.”

“Panga lako si hilo hapo?”

“Kaazime lingine. Ukifika usiharakishe. Sikiliza wanaongea nini, urudi uniambie neno kwa neno.”

Akaenda. Nikamwona amefika, amesalimia kwa kuinama, ameambiwa akae. Akakaa! Nikamwona anatafuna kahawa, anacheka, anaonyesha kwa mguu jinsi mpira ulivyopigwa, na mzee Byarugaba naye anatikisa kichwa. Wanaume hawa. Uwape mpira, hata kwenye mazishi watamsahau marehemu.

Mimi huku nilikuwa nimemenya ndizi ambazo sikuwa na haja nazo. Nilizimenya, nikaziangalia, nikamenya nyingine. Nikawaza niende mwenyewe nikaombe chumvi. Nikawaza nimpigie Annastella nimwambie kila kitu. Nikawaza Privatus, mara ya mwisho nimemwona lini, alikuwa kijana mwembamba anayebeba begi la mama yake mpaka kanisani. Sijui kwa nini haji. Kwa habari zote ninazokusanya Kibeta nzima, hiyo sikuwahi kuuliza kwa nia njema.

Ildefons akarudi na panga.

“Haya! Wanasemaje?”

“Yule mzee ni Yanga wa damu. Anazijua timu tangu enzi za—”

“Ildefons!”

“Nilikuwa nasikiliza, Mama, sema wanashusha sauti. Neno moja nimelishika.”

“Lipi?”

Akajikuna shingo. “Mdomo.”

“Mdomo wa nani?”

“Hapo sasa, sikuuliza. Ila Mama Privatus alisema ‘mdomo’, akaonyesha huku kwako, na yule mama akaguna.”

Nilimpa kiporo akale barazani nisimwone. Jua lilikuwa limeanza kulegea kuelekea mlimani wale wageni waliponyanyuka. Walipita barabarani mbele ya nyumba yangu. Nikatoka hadi kizingitini, nikakumbuka siruhusiwi kujua kitu, nikasimama na mwiko kama askari wa sanamu.

“Tumeshukuru, waitu,” mzee akasema akigusa kofia. “Umetuelekeza vizuri.”

Umetuelekeza vizuri! Hiyo ni kejeli au ni shukrani? Mama wa kitenge aliitazama baraza yangu, mabenchi, Ildefons na sahani yake, bendera ya timu iliyofungwa kwenye nguzo. Kila kitu alikipitia kwa macho kama anayenunua ng’ombe. Kisha wakaenda.

Sasa maneno yalikuwa yameshasemwa. Hakuna tena cha kuzuia. Na ajabu ni kwamba hapo ndipo miguu yangu ilipokubali kwenda. Ningekwenda mapema, ingekuwa ni kununua ulimi wake. Nilifungua kitambaa kichwani, nikakifunga upya, nikapita palepale kwenye milamula iliyoinuliwa, nikiangalia ninapokanyaga.

Klaudia alikuwa mlango wa jikoni, anasuuza vikombe.

“Umekuja kuuliza,” akasema bila kugeuka.

“Nimekuja kuomba msamaha.”

“Na kuuliza.”

“Na kuuliza,” nikakubali. “Ila msamaha kwanza. Lile neno la Privatus halikuwa neno la kusemwa. Hata kama ningekuwa na hasira ya simba.”

Akaweka kikombe chini.

“Limeuma,” akasema.

“Najua.”

“Hujui. Kazi aliipata, akaipoteza, anaona aibu kurudi mikono mitupu. Mimi namwambia rudi hivyohivyo, yeye anasema mwaka kesho. Sasa umejua. Kawaambie watu wako wa mpira.”

“Siwaambii.”

“Tutaona.”

Nikashindwa kumwangalia. Nikaangalia moshi unaotoka juu ya paa. Kisha, Mungu anisamehe, ulimi wangu ukaenda wenyewe:

“Umewaambia nini?”

Klaudia akacheka kidogo, kicheko cha puani. Sikuwahi kukisikia kabla.

“Yule mzee aliniuliza, leo mmegombana? Nikamwambia, mmesikia kwa masikio yenu. Akasema, vizuri, jirani aliyegombana leo hawezi kutupambia. Tuambie.”

“Ukawaambia.”

“Nikawaambia. Nikasema una mdomo mrefu kutoka hapa mpaka Kashai. Nikasema huwezi kukaa na siri hata ukifungiwa nayo. Nikasema leo umenitukania mwanangu.”

“Ee Mungu.”

“Wakauliza wizi. Nikasema hapana, huyo anagawa mpaka vyake. Wakauliza uchawi. Nikasema nyumba ile imejaa watu saa zote, aroge saa ngapi?”

Siku nyingine ningecheka.

“Na mtoto?” nikauliza. “Klaudia, Annastella umemsemaje?”

Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, mpaka nikataka kumshika mabega nimtikise.

“Nilipofanyiwa operesheni ya jicho nani alilala hapa, ananitilia dawa? Usiku nilikuwa nalia, naongea mambo ya Privatus yote, na yeye anasikia. Uliwahi kuyasikia wewe?”

Sikuwahi. Nilikumbuka nilivyombana Annastella wiki ile: haya niambie, kuna nini kule, mbona analia? Akawa ananijibu, Mama, muulize mwenyewe. Nilimnunia siku mbili.

“Basi hayo ndiyo niliyowaambia. Nikasema, binti yule amekaa nyumba ya maneno na habebi maneno. Yule mama akamgeukia mzee. Mzee akacheka, akasema, kama ni hivyo mama mtu tutamzoea, yeye anaishi Kibeta, sisi Kimwani. Ni mbali.”

“Amesema hivyo?”

“Ni mbali sana, alisema. Alirudia.”

Nikaegemea nguzo. Sijui nilicheka au nililia, vyote vilitokea kwa pamoja, na pua ikaingilia.

“Kwa hiyo watakuja?”

“Watatuma mshenga. Na wewe hujui chochote, umenielewa? Akija ushangae. Utaweza kushangaa?”

“Nitajaribu.”

“Huwezi. Jifunze.” Akainama, akafunua chungu, mvuke wa ndizi na sangara ukanijaa usoni. Ndani, juu ya mkeka, alikuwa ameshatandika majani ya mgomba, mapana kuliko tumbo la mtu mmoja. “Sasa acha kulia mlangoni kwangu, wapita njia watasema nimekupiga. Maji ya kunawa hayo hapo. Ingia tule.”