Pointi Kumi na Moja za Imelda

Imelda alizipanga karata zake, akazihesabu, akasonya kimoyomoyo. Pointi kumi na moja.

Mwenzake, Mwalimu Ambwene, alikuwa na sheria moja tangu siku alipomfundisha briji, mchezo wa karata ambamo wawili wawili hushindana kwa mnada kuahidi mizunguko watakayoshinda: "Chini ya kumi na mbili, usifungue mnada. Sema pasi, unyamaze." Mzee huyo alistaafu kufundisha hesabu huko Isansa, lakini alikuwa bado anasahihisha watu.

Ilikuwa raundi ya mwisho, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa mjini Tunduma. Wapinzani wao walikuwa wageni wawili kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Imelda akazitazama tena. Shupaza sita, kopa nne. Karata ndefu namna hii huvuna kuliko pointi zake. Ila akifungua, Mwalimu atanuna mpaka Pasaka.

"Mama, tunakusubiri," Mwalimu alisema, akiwatabasamia wageni. "Kama huna, huna."

Tabasamu lile ndilo lililoamua.

"Shupaza moja."

Mwalimu alimkodolea macho juu ya miwani kana kwamba amekamata mwanafunzi akiibia mtihani. Mgeni wa kwanza akasema pasi.

"Shupaza mbili," Mwalimu akatamka, shingo upande. Wengine wote wakasema pasi.

Kwa kuwa Imelda, aliyetaja shupaza kwanza, ndiye atakayecheza, Mwalimu akazilaza karata zake mezani, wazi. Imelda akahesabu, akarudia. Pointi kumi na mbili kamili, na karata nne za shupaza juu yake! Mtu mwenye karata hizo, mwenzake akishafungua, hutangaza ahadi ya shupaza nne na kuchukua zawadi kubwa ya alama. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameogopa kujumlisha.

Imelda alishinda mizunguko kumi, ile ile ambayo ahadi ya nne ingedai.

"Mwebantu, jamani!" mgeni mmoja akacheka. "Mngetangaza nne!"

Meza nyingine, kwa karata zile zile, maana kila meza hupewa mgawo mmoja, walitangaza nne. Kikombe kikaenda huko.

"Nilijua una kumi na moja tu," Mwalimu alisema. "Nimetuokoa."

"Umetuokoa na kikombe, Mwalimu."

"Sheria ni sheria."

"Shikamoo, sheria," Imelda akajibu, akachukua mkoba wake.

Akavuka ukumbi hadi kwa Nesta, muuza mitumba aliyeshika mkia siku hiyo na bado anacheka.

"Jumamosi ijayo una mwenzako?"

"Kahamia Saza. Lakini mie nafungua ovyo, dada."

"Afadhali wewe," Imelda akasema, akavuta kiti.