Sentimita Tatu za Kiuno cha Da-seul

Jumanne, saa tisa alasiri, katika duka lake la ushonaji mjini Daegu, mzee Pyo Gwang-sik alimsimamisha mjukuu wake Da-seul peku mbele ya kioo, akiwa na fulana nyepesi na kaptula ya kubana, akampima. Kimo kilikuwa sentimita mia moja sabini na sita. Kifua themanini na moja, kiuno sitini na tatu, nyonga themanini na nane. Mzee alipima kama alivyofundishwa: tepu isilegee wala isikabe, ilale sawia mgongoni, na anayepimwa atoe pumzi kama kawaida pasipo kunyonya tumbo. Alirudia mara tatu. Kiuno hakikubadilika.

Fomu ya wakala wa wanamitindo wa Seoul ilidai kiuno kisichozidi sitini, nayo ilipaswa kutumwa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Da-seul alikuwa na miaka kumi na tisa, na wakala yule hakupokea wapya waliozidi umri huo. Hakuweza kutulia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akavurugavuruga vifungo bakulini, akaenda tena.

"Babu, andika sitini. Kila mtu anapunguza."

"Miaka arobaini na moja sijaandika kipimo cha uongo, hata cha mfuko wa suruali."

"Suruali haina kesho, Babu. Mimi ninayo."

Bibi, aliyekuwa akimenya matufaha, alimwambia asijisumbue. "Huyu siku ya kuniposa alimweleza baba yangu kwamba bega langu moja liko chini."

Basi Da-seul akachukua kalamu, akaandika mwenyewe. Wino ulipokauka, sentimita tatu zilimtoka kiunoni zikaanguka sakafuni: ukanda mwembamba wa rangi ya ngozi yake, wenye joto, uliopanda na kushuka taratibu kwa kuwa ulikuwa bado unapumua. Bibi aliuokota, akaupangusa vumbi la chaki, akautundika kwenye henga kati ya makoti mawili. Alisema kwamba binti wa duka la mkabala, sentimita zake zilitoka mapajani.

Mzee akapima upya. Sitini kamili. Fomu ilikuwa sasa ya kweli, na jambo hilo lilimkera kuliko uongo wenyewe. Ikatumwa.

Da-seul alianza kuvuta pumzi nusunusu, kama mtu anayenusa harufu asiyoitambua. Kwa kuona hivyo, mzee alifungua daftari lake la wateja, akaandika: Pyo Da-seul, kiuno, sitini na tatu. Akangoja wino ukauke. Akaandika tena, akiikandamiza kalamu. Ukanda ulitikisika kidogo kwenye henga, kisha ukaendelea kupumua pale pale. Mwili wa binti ulitii karatasi ya Seoul. Daftari la babu yake haukulisikia.

Saa kumi na moja na nusu simu iliita. Mwanamke wa ofisi ya wakala alizungumza kwa adabu nyingi. Alisifu usahihi wa vipimo, akasema nafasi ni ya Da-seul, isipokuwa mteja wa msimu huu angependelea hamsini na nane. Fomu mpya imekwisha kutumwa, ijazwe kabla ya saa kumi na mbili.

Da-seul aliketi, akainuka, akaketi. Akamsogezea babu yake kalamu.

"Niandikie wewe, Babu. Mkono wangu hautulii."

Mzee Pyo alitafuta, katika yote aliyofundishwa, kanuni ya kumkataza mtu kuandika jambo ambalo likishaandikwa litakuwa kweli. Hakuiona. Alivaa miwani, akaandika hamsini na nane kwa mwandiko wake ulionyooka, kisha akasogeza kiti chake nyuma, ili kisije kikakanyaga kitakachoanguka.