Wa Juu na wa Ufukoni

Vijana wa mradi wa maji walipopita kitongojini kwa Bi Mboni, jirani na Kigombe, kuandika wagonjwa wa kuharisha ili palipozidi pachimbwe kisima, walimwuliza: nyumba za upande wa Ufukoni wazihesabu mbali, au pamoja na za Juu? Bi Mboni, mwenyekiti wa kitongoji, nusura awafukuze.

“Mtugawe? Sisi msiba mmoja, sufuria moja. Andikeni pamoja!”

Wakaandika pamoja. Watu wakapiga vigelegele.

Majibu yalipotoka, kisima kipya kikapewa kitongoji kingine. Huku visima vya Ufukoni vimeingia chumvi, watoto hawaishi kuharisha, na Noa, mwana wa Anastazia wa huko huko, amelazwa hospitali Muheza. Bi Mboni akampigia simu mjukuu wake Samiha, aliyesomea takwimu, anayefanya kazi mjini, Raskazone. Jumamosi Samiha akafika.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Niambie, nani kala kisima chetu?”

Samiha akatazama majibu kwenye simu yake. Kisha akasema kama alivyolelewa na bibi huyo huyo:

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nina mgonjwa. Nikimlaza peke yake anaungua homa. Nikimlaza katikati ya wazima, hana kitu.”

Bi Mboni akasema kaa la moto. Sio. Akasema pilipili ndani ya mchuzi.

“Umekaribia, lakini sio. Nipe mji.”

“Haya, chukua Pangani.”

“Ni Ufukoni, Bibi. Nyumba za Juu ni nyingi, na maji yao matamu. Ukiwachanganya, ugonjwa wa wachache unagawiwa wote, unaonekana kidogo. Watu ni walewale, umehama tu mstari wa kuwagawa. Hivi nani aliwaambia waunganishe?”

Chai ikampoa Bi Mboni mkononi.

Noa aliporuhusiwa, Bi Mboni akateremka kumtazama. Mtoto amebaki macho tu. Anastazia akamkaribisha mkekani, akampa chai.

“Wametunyima, Bi Mwenyekiti. Lakini wewe ulitutetea, Mungu akubariki.”

Chai ilikuwa na chumvi hata sukari haikufua dafu. Bi Mboni akainywa yote, asiache tone.

“Mwanangu, usinibariki. Mimi ndiye niliyewaambia wawahesabu pamoja na Juu. Ndiyo maana ugonjwa wenu haukuonekana.”

Anastazia akamfunika mtoto vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa.

“Na Juu wanajua?”

“Watajua leo.”

Jioni, mkutanoni, Bi Mboni akaomba Ufukoni ihesabiwe upya, peke yake, na maombi yapelekwe tena. Mudathir wa Juu akacheka kwa kejeli.

“Ala! Shemeji, leo umekuwa mkata undugu? Na makaburi tuchimbe mbalimbali?”

“Makaburi tutachimba pamoja, shemeji. Maji tuhesabu mbali, tusije tukachimba la Noa.”

Mudathir akainamisha kichwa. Mikono ikanyooka, mmoja mmoja, na Samiha akaanza kuandika maombi. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Mboni akameza mate. Chumvi ilikuwa bado ipo.